Imepona

Fundi Bashige alilishika gurudumu la mbele la kushoto, mkono mmoja juu na mwingine chini, akalitikisa. Likacheza, na hakupenda jinsi lilivyocheza. Pikapu ilikuwa imeinuliwa kwa kriki juu ya mawe meusi ya volkano. Viateur, dereva wa gari hilo, alichuchumaa kando akimtazama fundi usoni badala ya kutazama gurudumu, kama ndugu wa mgonjwa mbele ya daktari.

"Iko nalia tangu wapi?" Bashige aliuliza.

"Tangu nilitoka Kiwanja. Nikikata kuume inalia sana. Nikikata kushoto inapunguza."

Hayo yalitosha, lakini Bashige alitaka kuwa na hakika. Alilizungusha gurudumu, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma kinacholibeba, na mpini akauweka sikioni. Ndani mlisikika kama mtu anatafuna wali wenye mchanga. Rulma ilikuwa imekufa. Ile pete ya vigololi ambayo gurudumu zima huizungukia ilikuwa inajila yenyewe, na itakapomaliza, gurudumu litakwenda zake na gari litakwenda zake.

"Inaomba rulma mupya," alisema. "Bila hiyo, usitoke."

"Namuita patro," Viateur akasema, akapiga simu, kisha akaenda barabarani kuwatafuta abiria wake.

Papa Grégoire, mwenye gari, alikuja na jeep yake na hakushuka. Alishusha kioo nusu.

"Bashige, hii gari inatoka leo."

"Patro, rulma imekufa. Pine inaweza kuchomoka mu njia, na kule juu munapandaga batu."

"Nimekuuliza kama imekufa? Maharagwe yangu iko nanyeshewa kule Kiwanja. Tia grese nzito, inyamaze. Rulma tutaona nyuma."

"Na Viateur nitamuambia nini?"

"Muambie imepona." Papa Grégoire akatazama yale mabati machakavu, meza ya vyuma, na ile kamba ya nguo za watoto nyuma ya gereji. "Iko fasi muzuri hapa. Guylain wa matofali amenisumbua tena, anataka kununua hii parseli. Miye nikamujibu hapana, pale kuna Bashige wangu."

Kioo kikapanda.

Lava ilipoimeza nyumba ya Bashige, huyu ndiye aliyempa mahali pa kuegesha maisha, bila karatasi yoyote. Wakati ule alimshukuru mpaka machozi yakamtoka. Sasa alielewa alichokuwa anakishukuru.

Katika magereji ya mtaa wa Mapendo kuna maneno mawili, na hakuna dereva asiyeyajua. Gari ikibadilishiwa kifaa, fundi husema imepona. Ikishindiliwa grisi tu ili isipige kelele, husema imenyamaza. Dereva akiambiwa imenyamaza hujua la kufanya: huenda polepole, hapakii watu, au hukataa kabisa. Fundi anaweza kukupunja mengine yote, lakini hakudanganyi katika hilo.

Bashige alishindilia grisi mpaka ikafurika. Alilizungusha gurudumu. Kimya. Alijichukia kwa kuona kazi yake imetoka vizuri.

Viateur alirudi na abiria wake, wanawake wa biashara. Mbele yao alikuwa Henriette, muuza chumvi na sabuni, ambaye hata kabla kriki haijaondolewa alikuwa ameshapanda na kujipangia kiti juu ya magunia yake.

"Papa fundi," alimtania kutoka juu, "umetuharibia. Ile kelele ya gari ndiyo ilikuwa inaniamusha nikisinzia!"

Wenzake wakacheka. Viateur alijifuta mikono, akamsogelea Bashige.

"Imepona?"

Ng'ambo ya barabara jeep ilikuwa bado imesimama, injini ikinguruma.

"Imepona," Bashige alisema.

"Aksanti, papa." Na Viateur akampa mkono.

Gurudumu lilichomoka kwenye mteremko, kabla ya kufika Rutshuru. Henriette alikufa palepale, chini ya chumvi yake. Waliobaki walivunjika huku na huku. Viateur alitoka na mkono uliovunjika, polisi wakampeleka moja kwa moja kasho, mahabusu, maana mtu amekufa na lazima awepo wa kufungwa. Bashige alipopata habari alikaa chini ya gari la mtu mwingine bila kushika chochote, na alitamani lile gari limwangukie.

Papa Grégoire ndiye aliyempeleka kutoa ushahidi. Kwa komanda wa polisi yeye alipewa kiti, Bashige alisimama. Viateur aliletwa, mkono umefungwa kwa kitambaa, na alipomwona fundi uso wake ulipata nuru.

"Komanda, huyu papa musimuguse," alisema kabla ya kuulizwa. "Yeye aliponya gari. Nilimuuliza mbele ya batu bote."

Komanda akamgeukia Bashige. "Iko kweli?"

Bashige alifikiria watoto wake. Alifikiria pia kwamba watoto ni kisingizio ambacho kila mwoga anacho. Papa Grégoire alikuwa anasafisha miwani yake.

"Ilipona," akasema.

Viateur aliinamisha kichwa, akafikiri.

"Basi ni miye," alisema taratibu. "Pengine ile kona niliikata mubaya. Kama gari ilipona, basi ni miye."

Komanda akaandika.

Nje, Munezero, mke wa Viateur, alikuwa amesimama karibu na geti na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Alimkimbilia Bashige, akampigia magoti.

"Wameniambia ulikuja kumusimamia bwana yangu. Mungu akubariki, papa. Batu bote wametukimbia, wewe tu ndiye ulikuja."

Bashige alifungua mdomo. Nyuma yake Papa Grégoire alisema, "Twende."

"Askari wamekatala chakula isiingie, sina kitu ya kuwapa," Munezero aliendelea, akifunua sahani. Ilikuwa bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, bado moto. "Itaharibika bure. Kula wewe, papa. Kula, tafazali."

Alimshikisha sahani, akabaki amesimama kumtazama, akingoja. Bashige akamega tonge, akatia mdomoni. Munezero hakuondoa macho mpaka alipoona amemeza.

"Kula yote," akasema.