Mto Uliolala Juu ya Bahari

Theodora alizaliwa Chilangala, kule juu Newala, ambako maji hufuatwa mbali. Tangu utotoni alishuka genge na mama yake, Anjelina, hadi bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani huku jua likiwachoma shingo. Maji waliyonawia uso walimwagia mche wa mpapai. Hata alipokuwa mwalimu wa misheni Masasi, mke wa mtu na mama wa Agnes, moyo ulimruka kila alipoona kikombe cha maji kikimwagwa ovyo.

Masika ya mwaka 1953 alifika Masasi mtaalamu wa maji kutoka Uingereza, Bibi Lois. Samaki walikuwa wakifa pale mto Lukuledi unapoingia baharini, kule Lindi, naye alitaka kujua sababu. Alihitaji mtu wa kumsemea na watu wa bondeni. Shule ilikuwa imefungwa, Theodora akakubali.

Walianzia vijito vya chini ya milima ya mawe, wakaufuata mto kupita Ndanda. Kila waliposimama, Lois aliteka maji katika chupa nyembamba, akatia dawa, akangoja. Maji ya Masasi yalibaki meupe. Lakini chini ya shamba moja kubwa la mbolea ya kiwandani, maji yaligeuka buluu kama anga baada ya mvua.

"Hiyo ni nini, Bibi?"

"Chakula," alisema Lois. "Mbolea ilitiwa ilishe mazao, mvua ikaiosha. Twende tukaone sasa inamlisha nani."

Mlangoni mwa mto, mvuvi mmoja mtu mzima, Mohamedi, aliwapakia mtumbwini mwake.

"Shikamoo, Baba," Theodora alimwamkia, mikono imeng'ang'ania ubao.

"Marahaba, mwanangu. Kaa katikati, mtumbwi hautazama."

Hakuwahi kuona maji mengi kiasi kile. Yalikuwa ya kijani, mazito kama mchuzi wa kisamvu, na samaki walielea matumbo juu.

"Watu wanasema pamefanyiwa uchawi," alisema Mohamedi.

Theodora alitafsiri. Lois hakucheka. Alichota kikombe pale pale ubavuni mwa mtumbwi. "Onja."

Theodora akaonja. Yalikuwa maji baridi ya mto, hayana chumvi. Kisha Lois akateremsha kwa kamba bomba la shaba lenye vifuniko viwili vilivyo wazi, hadi karibu na tope, akaachia kipande kizito cha madini ya risasi kiteleze kwenye kamba. Kikagonga, vifuniko vikajifunga. Akalivuta, akamimina.

"Onja na haya."

Theodora alitema. Chumvi tupu!

"Bahari iko chini yetu," alisema Lois. "Maji yake ni mazito, yamejipenyeza chini. Mto unapita juu yake."

Theodora aliinama akatazama, asione mpaka wowote. Maji ya aina mbili, haya juu ya yale, kila aina na njia yake, naye ameketi juu ya yote! Mwili ulimsisimka.

Ufukoni Lois aliweka tone moja chini ya darubini. Theodora akasogeza jicho, akashtuka. Tone lilikuwa limejaa viumbe vya kijani, vingine kama mikufu, vingine vikizunguka kama pia, vyote ving'avu kama kioo.

"Hawa ndio wanaolishwa na mbolea," Lois alieleza. "Wakishiba huzaana kupita kiasi. Wakifa huzama, na wakioza humaliza hewa iliyomo majini. Hewa mpya haishuki, kwa sababu mto umefunika."

Mohamedi aliposikia tafsiri, aligeuka kuwatazama tena samaki walioelea. "Subhanallah. Kumbe samaki naye hukosa pumzi ndani ya maji!"

Waliporudi walipita kwenye lile shamba. Theodora mwenyewe ndiye aliyemweleza msimamizi, mpaka akakubali kuacha majani yaote kando ya mto na kutotia mbolea mvua inapokaribia. Ahadi hiyo aliitimiza nusu: majani yaliachwa, mbolea haikupungua sana.

Kisha Theodora akapanda Newala kwa mama yake, akamsimulia jinsi mto unavyopita juu ya bahari. Anjelina alisikiliza, akatikisa kichwa. "Mama Agnes, chumvi na maji vikikutana huwa kitu kimoja. Mimi napika kila siku."

Theodora alitia maji nusu bilauri, akakoroga humo chumvi, na wino kidogo ili maji ya chumvi yaonekane. Juu yake akamimina maji safi polepole, yakiteleza mgongoni mwa kijiko. Yakatulia: samawati chini, meupe juu, na mpaka kama uzi.

Anjelina aliliinamia lile bilauri, viganja mdomoni.

"Nani kaufundisha mto adabu hii?" alinong'ona. "Kumpita mkubwa wake bila kumwamsha!"

Akatoka mlangoni kuwaita majirani. Walikuwa ndiyo kwanza wanatoka bondeni, migongo imelowa jasho. Wakaitua mitungi, wakaingia mmoja mmoja, wakapiga magoti mbele ya bilauri. Hakuna aliyethubutu kuligusa.