Ufa wa Bafuni

Mama alisimama katikati ya bafu, mguu mmoja hewani kama mtu anayepima joto la maji, akaniuliza choo nimekihamishia wapi.

Nilikuwa bado nimepiga magoti mlangoni, nakusanya karatasi nilizobandua mgongoni mwa vigae. Mama yangu alikuwa na mdomo, hivyo nikadhani ananitania.

"Nimekiuza," nikasema.

Hakucheka. Alinyoosha mkono akapapasa hewa. Choo kilikuwa mbele yake, cheupe, mchana, jua limejaa dirishani. Mkono ukapita juu yake, ukarudi. Kisha akaanza kuvuta kidole gumba cha mguu huku na huku juu ya vile vigae vipya vya plastiki, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Ufa uko wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe mtoto, ufa wangu umeupeleka wapi?"

Nikautazama unyayo wake.

Nilikuwa nimeuziba asubuhi. Ulianzia kizingitini, ukapinda hadi miguuni mwa choo, mpana wa kuingia kidole. Vigae vya kubandika havitaki sakafu ya hivyo; chochote kilicho chini hujichora juu. Nikaujaza simenti ya kukauka haraka, nikapiga msasa mpaka kiganja changu kikapita bila kukwama popote. Niliringa, nisiseme uongo. Siku hizi, kabla sijaziba ufa wowote, huuliza kwanza nani anaishi humo. Watu hunishangaa.

Vigae alivinunua dada yangu mkubwa, tunayemwita Hakimu. Mama aliteleza humo akachubuka kiwiko, na Hakimu akatoa hukumu: bafu litengenezwe, na akianguka tena, anamchukua akaishi kwake. Mama alijibu kwamba kwa Hakimu hata paka huomba ruhusa ya kupiga chafya.

"Mama, huoni?"

"Naona mwanga."

"Tangu lini?"

"Niketishe kwanza. Nitajikojolea."

Nikamketisha, nikageukia ukuta. Asubuhi ile ile alikuwa amenisema kwamba shati langu ni chafu. Nikamkumbusha.

"Fundi gani huvaa shati safi?" akasema nyuma yangu.

Kila Jumapili nilikaa mezani kwake, akanimiminia chai, nikamtazama machoni nikimpigia soga za mpira. Kila Jumapili.

"Usimwambie Hakimu," akasema. "Humu ndani najijua. Kwake nitakuwa wa kusogezwa kama kiti."

Nilichomeka pasi, nikatandaza kitambaa juu ya kigae cha kwanza, nikakipiga pasi mpaka gundi ikalegea, nikakibandua. Nikaenda hivyo kigae kwa kigae, mlangoni hadi chooni. Kisha nikachukua patasi na nyundo nikaichimbua simenti yangu mwenyewe kabla haijakomaa. Mama alikuwa nyuma yangu pekupeku, akinikagua kwa unyayo.

"Hapo ulipinda zaidi. Siyo huko, kushoto. Ehe."

Hakimu alikuja mwisho wa juma. Alisimama mlangoni mwa bafu, mikono kiunoni.

"Hii ndiyo nini? Umebandika kando kando, katikati umeacha mtaro! Na wewe unajiita fundi?"

"Vigae viliisha."

"Viliisha? Nilinunua vya kutosha mabafu mawili!"

"Huyo tangu utotoni hajui kupima," Mama akasema kutoka jikoni, bila kuinua uso. "Mwache, nimeshamsamehe."

Hakimu akacheka mpaka akashika ukuta. Akanipiga begani, akaingia kunawa, akafunga mlango.

Nilibaki kwenye ujia, namtazama mama yangu akikata vitunguu. Vipande vilitoka vyembamba, sawasawa, na kisu kilikwenda mbio ubavuni mwa vidole vyake. Sikuweza kuondoa macho kwenye kisu.