Mkono wa Kushoto wa Shangazi

Mkono wa kushoto wa shangazi ulipanda kabla daktari hajagusa hata taa.

Daktari akarudi nyuma, akashusha mikono yake. Mimi nikazima mrija wa kunyonya mate. Ikabaki sauti ya gesi tu, ikipita kwenye bomba kuelekea kwenye barakoa iliyofunika pua ya shangazi.

"Unaumia, mama?" daktari akauliza.

"Hapana," shangazi akasema. "Najaribu breki."

Akaushusha mkono, tukaanza upya.

Shangazi yangu alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake lilikuwa na pedali ya ziada upande wa abiria, ya breki, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeizoea pedali ile kiasi kwamba hata akikaa kwenye kochi letu, kisigino kilitulia sakafuni na vidole vikabaki juu, tayari. Wanafunzi wake hawakuanza kwa kujifunza kuondoka. Walianza kwa kujifunza kusimama. "Kwenda si elimu," aliwaambia. "Hata jiwe ukilisukuma linakwenda." Hakuyaogopa malori, wala askari wa barabarani. Aliogopa kiti cha daktari wa meno.

Mimi ndiye niliyemleta, kwa sababu nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu ya usaidizi wa meno, nikaajiriwa kwenye kliniki moja iliyokuwa juu ya duka la rangi. Mara ya kwanza alifika mpaka mapokezi, akasoma bango la jinsi ya kupiga mswaki hadi mstari wa mwisho, akasema ameacha gari wazi. Mara ya pili alikaa kitini, lakini kiti kilipoanza kulala, alishuka kikiwa bado kinakwenda.

"Abiria hashuki gari likiwa kwenye mwendo, shangazi," nilimwambia kwenye ngazi.

"Nilimwambia dereva asimamishe," akajibu bila kugeuka. "Alikuwa anatafuta glavu."

Mara hii ya tatu shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho likawa dogo. Dawa alizopewa zilikuwa zimeuzuia uvimbe kwa muda, basi. Daktari, mwanamke mfupi aliyefanya kazi amesimama juu ya kibao, hakuzungusha maneno: gego litoke leo. Usaha ukishuka shingoni, alisema, hatutakuwa tunazungumzia meno tena.

Baba alikuwepo. Kliniki ilitaka mtu mzima wa kumrudisha nyumbani, na baba ni kaka yake. Ni dalali wa mnada. Sauti yake hufika nyumbani kabla yake.

"Ganzi nitakupiga kwa vyovyote," daktari alimwambia shangazi. "Hiyo ni ya maumivu. Hizi nyingine ni za hofu, na ziko tatu." Ya kwanza ni gesi, unaivuta kwa pua, mwili unakuwa mwepesi, na ukiondolewa barakoa inaisha upesi. Ya pili ni kidonge. Unakimeza mapema, unakuja umelegea na usingizi uko jirani. Ya tatu ni dawa ya mshipani. "Hiyo hulali kabisa. Ukiambiwa fungua mdomo, unafungua. Ila baadaye hukumbuki kitu. Jino lako mizizi yake imepinda, itachukua muda. Mimi ningekushauri hiyo."

"Hiyo hiyo," baba akadakia. "Mlegezeni. Huyu hamumjui, ana mateke ya punda."

Katika ukoo wetu hakuna asiyeyajua mateke hayo. Baba aliyasimulia kila tulipokusanyika. Shangazi alikuwa darasa la pili, jino limeoza, na mganga wa zahanati akampiga ganzi isiyoshika. Akaanza kusema basi, basi. Babu akamwamuru baba amkalie miguu. Mganga akawa anasema bado kidogo. Na hapo baba aliingiza sauti yake ya mnada, bado kidogo, bado kidogo, nani anaongeza, mpaka mguu mmoja ukachomoka ukampata yeye mdomoni. "Siku ile zahanati iling'oa meno mawili kwa bei ya moja," alimalizia, na watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Shangazi naye alicheka. Kisha alikuwa wa kwanza kusimama, akakusanya vyombo, akaenda navyo jikoni. Miaka yote niliyomwona akifanya hivyo, nilidhani anapenda usafi.

Siku ile kliniki hakucheka. Alimtazama daktari.

"Hiyo ya mshipa. Nikisema basi, utanisikia?"

"Nitakusikia."

"Na mimi nitakumbuka kwamba ulinisikia?"

Daktari alifikiri. Nilimheshimu kwa kufikiri. "Inawezekana kabisa usikumbuke."

"Basi nipe gesi," shangazi akasema. "Na unipe breki."

Hivyo ndivyo mkono wa kushoto ulivyopewa kazi. Ukipanda, kila kitu kinatoka mdomoni, bila swali. Baba akaomba kubaki ndani, akapewa stuli ya pembeni, miguuni pa kiti. Sidhani kama kuna aliyepachagua mahali pale. Ndipo stuli ilipokuwa.

Breki ilijaribiwa tena kabla ya sindano ya ganzi, na tena baada yake. Kila mara tulisimama. Kila mara alivuta pumzi, akautazama mkono wake mwenyewe kule juu kana kwamba ni wa mtu mwingine anayemwamini, akaushusha. Baba alikuwa ameanza kukohoa kohoa, kama anavyofanya mnadani mnunuzi akichelewesha bei.

Kisha kazi yenyewe. Daktari alilitikisa gego taratibu, huku na huku, akalishika kwa koleo. Nililiona likiachia. Anayefanya kazi hii anaijua hali hiyo: jino limeshakubali kutoka, limebaki kuaga. Hapo ndipo mkono ulipopanda. Haukuwa wa kujaribu. Vidole vilikuwa vimetanuka vyote.

"Malizia tu, daktari," baba akasema kutoka kwenye stuli. "Bado kidogo."

Daktari alifungua koleo, akalitoa mdomoni, akaliweka kwenye sinia. Lilitoa mlio mdogo wa chuma juu ya chuma.

Chini, dukani, mashine ya kuchanganyia rangi ilinguruma, ikatulia. Shangazi alitazama dari. Chozi moja lilishuka kuelekea sikioni na sikulifuta, maana mkono ulikuwa bado juu, na tulikubaliana ukiwa juu kila kitu kinasimama. Nilimtazama baba. Alikuwa akiitazama mikono yake, iliyolala kitini, kila mmoja kando ya kifundo cha mguu wa dada yake, bila kuugusa. Aliiondoa, akaikunja mapajani.

Mkono wa shangazi ulishuka wenyewe, kwa wakati wake.

"Endelea," akasema, kwa mdomo mzito wa ganzi.

Gego lilitoka kama kitu kilichokuwa kikisubiri kuombwa vizuri.

Miezi ikapita. Jumapili moja nyumba yetu ilijaa wageni, tukala, na mmoja wao akalalamika kuhusu jino. Baba akasukuma sahani, akajifuta mdomo. Nikajua kinachokuja.

"Meno? Muulizeni huyu," akasema, sauti ikipanda. "Alikuwa darasa la pili. Mganga anavuta, mimi nimeambiwa nimkalie miguu..."

Upande wa pili wa meza mkono wa kushoto ulipanda. Haukwenda juu sana; ulifika usawa wa sikio. Shangazi hakuwa amekunja uso. Alikuwa bado anatafuna, kwa upande mzuri.

Baba akanyamaza katikati ya neno.

"Ehe," mgeni akasema, "ukamkalia miguu, halafu?"

Baba aliutazama ule mkono. Ulikaa pale muda mrefu kuliko ulivyowahi kukaa kliniki.

"Halafu basi," akasema.

Vyombo siku hiyo alikusanya baba.