Bomba la Duara la Luka

Jumamosi ile ya katikati ya Januari 2022, baada ya kula cha usiku, Mbuke alitoka kuanua kanga aliyoisahau juu ya bomba la uani. Kanga ikagoma. Akaivuta, ikamvuta.

Bomba lenyewe lilikuwa la chuma, upana wa kiganja, limetokeza kwenye zege lililoziba duara la zamani, shimo la wachimba dhahabu. Miaka minane nyuma duara hilo liliporomoka na kumfukia kaka yake, Luka. Walichimba siku kumi na moja, wasimpate, kwani chini lilitokea kwenye mahandaki marefu ya enzi za wakoloni. Mwishowe walimwaga zege, wakaacha bomba la kutolea hewa chafu.

Sasa lile bomba lilikuwa linavuta pumzi. Baada ya dakika chache likaiachia kanga, likaanza kupuliza, likipiga mluzi na kutoa harufu ya udongo mbichi. Migomba ilikuwa imetulia tuli, hakuna upepo.

Alfajiri ya Jumapili likapumua tena.

Watu walipotoka kanisani, habari ilikwishafika njia panda ya kwenda Katoro. Jirani yake, Selestine, alisimama mbali na zege.

"Mama Wema, kaka yako anadai atolewe. Ziba hilo bomba."

"Nimzibe mara ya pili?" Mbuke akajibu. Lakini usiku huo alilala kwa shemeji yake.

Jumatatu asubuhi alifika Generosa, mtoto pekee wa Luka, mtaalamu wa miamba kwenye mgodi mmoja huko Geita. Shangazi yake ndiye aliyempigia simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Baba yako anapumua."

Generosa hakucheka. "Hata kipimo chetu cha hewa kiliruka Jumamosi, saa hiyo hiyo. Ni volkano, shangazi. Iko Tonga, katikati ya bahari ya Pasifiki."

Akamweleza taratibu. Chini ya bahari ile kuna mlima wenye shimo kubwa kileleni, na ukingoni mwa shimo vilichomoza visiwa viwili vyembamba. Ulilipuka mwaka 2009. Ukalipuka tena mwishoni mwa 2014, majivu yakaviunga visiwa vikawa kimoja, nyasi zikaota, ndege wakataga. Miaka saba kimya. Jumamosi ukapasuka, kisiwa kikakatika tena. Waliochunguza tabaka za majivu yake wanasema mlipuko wa namna hiyo huja mara moja katika miaka elfu hivi.

"Wimbi la hewa limezunguka dunia kwa pande zote mbili. Likipita juu ya mahandaki, yanavuta na kutoa. Hata mwamba huu wa hapa ulizaliwa na volkano za chini ya bahari, zamani mno. Leo wimbi linarudi, kwenye saa tatu na robo."

Akalaza jani la mahindi mdomoni mwa bomba, wakasubiri. Saa tatu na dakika kumi na nane jani likagandamizwa, likatetemeka. Kisha likanyanyuka, likaanguka miguuni pa Generosa, na mluzi mwembamba ukatoka ardhini.

Mbuke akamgeukia mpwa wake amwambie amesema kweli. Generosa alikuwa amepiga magoti juu ya zege, uso karibu na bomba.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mluzi ukaendelea kitambo, ukakoma. Mbuke alitaka kuitikia kwa niaba ya kaka yake, ulimi ukakataa.

Generosa akajipangusa magoti. Kabla ya kupanda bodaboda alisema wimbi litazidi kudhoofika. Alhamisi asubuhi pengine halitasikika kabisa. Selestine alikuja na mfuko wa saruji, Mbuke akamrudisha nao.

Alhamisi saa tatu Mbuke aliketi uani, jani jipya juu ya bomba. Halikutikisika. Saa nne kasoro simu ikaita.

"Limepita, shangazi?"

Mbuke aliliangalia lile jani.

"Limepita, ng'wanawane, mwanangu."

"Kwa nguvu?"

"Polepole. Kama mtu aliyelala."