Kiasi Chochote

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na miwili, katika darasa la jioni, baada ya kushinda kwenye cherehani. Tangu hapo sitii saini karatasi ambayo sijaisoma. Kwa hiyo daktari mpasuaji aliponipa kalamu kando ya kitanda cha mke wangu, nilivaa miwani kwanza.

"Nakubali mgonjwa akatwe kiasi chochote cha utumbo," nilisoma kwa sauti. "Chochote? Hata wote?"

"Mzee wangu, hayo ni maneno ya kawaida tu."

Mke wangu alikuwa akivuja damu tumboni wiki ya tatu sasa. Kamera yao, mpira mrefu wenye taa kwenye ncha, ilipitishwa mdomoni, ikapitishwa na chini, isifike katikati ya utumbo mwembamba. Sasa walitaka kufungua tumbo na kukata kwa kubahatisha.

"Mkishafungua, si muipitishe hiyo kamera humo humo?" niliuliza. "Mimi nikitafuta tundu kwenye kitambaa, nakiinua mbele ya taa. Sikati suruali nzima."

"Utumbo si suruali, fundi."

"Najua. Suruali ningeshona nyingine."

Alipogeuka kujibu simu, muuguzi aliyekuwa akibadilisha mfuko wa damu aliniinamia. "Inawezekana, baba. Tulishafanya. Ila yeye na daktari wa kamera hawasalimiani."

Hawasalimiani! Watu wazima na vyeti vyao, wamenuniana, na wa kukatwa ni mke wangu!

"Baba watoto," mke wangu alisema kwa sauti nyembamba, "ukianza kusahihisha karatasi za watu, nitakufa kabla hujafika kwenye nukta."

"Hufi. Na hukatwi ovyo."

Nilifuta neno "chochote." Juu yake nikaandika, kwa mwandiko wa darasani: "kile tu kitakachoonyeshwa na kamera." Nikatia saini.

"Huwezi kubadilisha fomu ya hospitali!" daktari alifoka.

"Nimeshaibadilisha. Mwite mwenzako. Au nikamwite mimi, nimweleze kwa nini hukumwita?"

Alitoka akibamiza mlango. Baada ya nusu saa daktari wa kamera alipita na mpira wake, uso umekunjamana.

Jioni muuguzi alinisimulia. Walizima taa za chumba cha upasuaji. Mpasuaji akawa anauvisha utumbo juu ya kamera kidogo kidogo, kama mkono wa shati, nao ukang'aa kwa ndani mpaka mshipa unaovuja ukaonekana. Kipande walichokata hakikufika urefu wa kidole changu.

Asubuhi mpasuaji alikuja na wanafunzi wake. "Kwa mgonjwa huyu," aliwaambia, "niliamua kutumia kamera."

Eti "niliamua"!

"Mume wangu, nyamaza," mke wangu alinong'ona. "Ukinichekesha, mishono itafumuka."

Nilichukua tu faili miguuni pa kitanda, nikalifungua kwenye ile fomu, nikampa mwanafunzi wa mbele.

"Soma," nilimwambia. "Kwa sauti."