Kitambaa cha Mama Adero

Nasike alikuwa amewaambia wenzake wa ofisini mapema: simu ya ofisi inaweza kulia sebuleni mwa mtu huko mtaani Langas na mteja asijue tofauti. Wa kucheka wakacheka. Johnstone, meneja wa kampuni yao ya mbegu, hakucheka. Alisema tu kwamba leo saa nne kamili atapiga laini ya ofisi akiwa kwake Elgon View, na isipopokelewa, kazi ya kufunga simu wanapewa mafundi wa Nairobi na Nasike anarudi kutoa fotokopi. Miaka mitatu ya fotokopi, jamani! Heri aache kazi.

Basi jana alizunguka na simu zake za kupitia intaneti. Moja akaifunga mtaani Kapsoya kwa Maurice, mfanyakazi mwenzake, nyingine Langas kwa Mama Adero, mpokezi wa wateja, ambaye sasa angefanyia kazi nyumbani. Akazijaribu, zikalia vizuri, akarudi kwake akijipigia mluzi.

Leo saa nne kasorobo akajaribu tena kutoka ofisini. Ya Kapsoya ikapokelewa. Ya Langas ikasema inatumika. Akarudia. Inatumika. Inatumiwa na nani, na wateja bado hawajaelekezwa huko? Akampigia Mama Adero kwa simu ya mkononi.

"Mama, uko kwa simu ya ofisi?"

"Mimi? Sijaigusa tangu jana. Nangoja tu ilie."

"Na intaneti?"

"Iko. Taa zote ni kijani."

Ooko wa mauzo alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Si uite tu wa Nairobi, dada. Hakuna aibu."

Nasike aliitazama saa. Zilibaki dakika saba. Fundi wa Nairobi angeanza kubadilisha waya. Lakini fundi wa Nairobi hakulelewa na mama yake Nasike, ambaye kwake redio, televisheni, hata jagi la maji, vyote vilivalishwa.

"Mama, hiyo simu umeifunika?"

"Sasa ningeiacha uchi, na imetoka ofisini? Nimeitandikia kile kitambaa changu cheupe cha kufuma, halafu nikarudisha mkono wa simu juu yake. Imependeza!"

Nasike alicheka hadi machozi. "Kitambaa kimezuia mkono usikae, Mama. Simu inadhani unaongea. Kitoe, ukitandike chini ya simu."

"Na maua ya kitambaa yataonekana?"

"Yote."

Saa nne ikafika. Kwenye kompyuta yake Nasike aliona simu ya Johnstone ikiingia Langas, ikapokelewa, ikakaa dakika mbili nzima. Kisha Johnstone akampigia yeye.

"Sauti safi, utadhani yuko mezani kwangu. Ameniuliza nataka mahindi ya aina gani, hata hakunijua. Watu wa Nairobi wasije. Na kwenye orodha ya namba za simu za ofisi, palipoandikwa fundi, weka jina lako."

Nasike aliliandika jina lake lote, kwa herufi kubwa. Fotokopi za orodha hiyo alizitoa mwenyewe, na ya kwanza akampelekea Ooko.