Swali la Pili

Kitu cha kwanza alichokiona Dinah kilikuwa mbwa. Nell, mbwa wao wa kuchungia kondoo, alikuwa amefika katikati ya mlima, kondoo wako mbele yake, mara akalala kwenye majani na kugeuza kichwa. Mbwa yule hakuwa na tabia ya kutazama nyuma. Baba alimwongoza kwa mluzi tangu mbwa akiwa mdogo: huu wa kwenda kushoto, huu wa kwenda kulia, na ule mfupi wa kusimama. Asubuhi ile mluzi ulianza vizuri, ukakatika kama uzi mbovu. Nell hakujua aende wapi.

"Masikio yamemwisha," alisema Baba, akipangusa midomo kwa kiganja. "Mbwa wa siku hizi hawadumu."

Nell alikuwa bado kijana, na jikoni alisikia hata ganda la jibini likidondoka. Dinah alilijua hilo, lakini alinyamaza. Kunyamaza alikuzoea. Mama yake alipougua, aliacha shule akiwa mdogo ili akae naye, na Mama alipofariki hapakuwa na aliyemkumbusha kurudi. Sasa alikuwa mwanamke kamili, na bado dukani alipendelea kuonyesha kwa kidole kuliko kuomba.

Katika bonde lile la kaskazini mwa Uingereza, mtu akiulizwa hali yake hujibu kwa neno moja, ambalo kwetu tungesema "si haba". Wanayo mengine: silalamiki, tunaenda tu, nimewahi kuwa vibaya zaidi. Lakini hayo yote ni ndugu wa tumbo moja, na kaka yao mkubwa ni si haba. Clifford Sunter, baba yake Dinah, alilitumia kama watu wanavyotumia kisu cha mfukoni, kwa kila kazi. Kondoo wake dume alipotwaa utepe wa mshindi wa kwanza kwenye maonyesho, alisema si haba. Mvua iliyoozesha nyasi zake zote ilipokwisha, alisema si haba. Siku ya kumzika mkewe, mchungaji alimshika mkono mlangoni mwa kanisa akamuuliza anaendeleaje. Clifford akavaa kofia yake, akasema, "Si haba."

Mwenye masikio alitakiwa kuitambua hali kwa sauti. Sauti ikipanda, mambo ni mazuri. Ikishuka, pana jambo. Isipopanda wala kushuka, achana nayo. Na hali ya mtu huulizwa mara moja tu. Kuuliza mara ya pili ni sawa na kuingia jikoni mwa watu na kuanza kufunua sufuria.

Kwa hiyo Dinah hakuuliza. Alitazama. Akaona kwamba Baba sasa husimama kwenye kila lango, eti anatazama mawingu, hata siku isiyo na mawingu. Akaona kwamba ndoo aliyokuwa akiibeba imejaa sasa anaibeba nusu, mara mbili.

Alipokwenda kununua sukari, Bi Peacock mwenye duka alimuuliza, "Baba hajambo?"

"Si haba," alisema Dinah, akitazama mizani.

Bi Peacock alifungua mdomo, akaufumba. Kisha akatia vitumbua vya zabibu kavu ndani ya mfuko bila kuombwa. "Hivi mpelekee yeye. Mwambie ni vya jana, asije akajiona."

Dinah alirudi nyumbani akijua kwamba bonde zima limeona.

Mwezi wa kumi, majirani walikusanyika kuteremsha kondoo mlimani, kama ilivyo desturi, maana mlima ni wa wote na hakuna awezaye kuufagia peke yake. Clifford alipewa upande wa korongo lenye mto, upande wake wa siku zote. Juu yake alikuwa Laurie Coates, jirani yao wa karibu, mtu mwenye mdomo usio na lango.

Kondoo walianza kuminyana kuelekea korongoni. Clifford alitia vidole mdomoni. Ukatoka upepo tu. Nell akalala.

"Cliff!" Laurie alipaza sauti. "Mbwa wako kawa kiziwi au wewe umekuwa bubu?"

"Anafikiri!" alijibu Clifford.

"Basi mwambie afikiri haraka, kondoo wangu hawajui kuogelea!"

Clifford alijaribu tena. Mkono mmoja ulikuwa umeshika ukuta wa mawe, na Dinah, aliyekuwa nyuma yake, aliona vidole vimekuwa vyeupe. Kondoo wa mbele alikuwa amefika ukingoni.

Dinah alikuwa amejifunza mluzi huo ghalani, kwa siri, akisikilizwa na ndama. Hakuwahi kuupiga mbele ya watu. Akatia vidole mdomoni, akafumba macho, akapiga. Nell aliinuka kama aliyechomwa, akazunguka kushoto, akawageuza kondoo wote kutoka korongoni wakashuka njia yao.

"Loo!" Laurie alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mwenye sauti nyumba hii ni huyu asiyesema! Cliff, kaa nyumbani upike!"

Kisha akamwona Clifford vizuri, jinsi alivyoushika ukuta. Kicheko kikamfutika usoni. Akasogea.

"Hujambo, bwana?"

"Si haba."

Laurie alisimama kidogo. Akatazama viatu vyake. Halafu akaitikia kwa kichwa, akamwita mbwa wake, akateremka nyuma ya kondoo. Hakukosea. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na baba yake kabla yake.

Dinah alibaki. Moyo ulimpiga kuliko wakati wa mluzi.

"Baba, hujambo?"

"Umenisikia nikijibu."

"Ulimjibu Laurie. Mimi sijakuuliza."

"Si haba, basi."

"Baba, hujambo?"

Akageuka, uso umekuwa wa rangi ya majivu. "Nani amekufundisha kuuliza mara mbili? Mama yako hakukulea hivyo."

"Mama naye alisema si haba," alisema Dinah. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Alisema mpaka siku ile ya mwisho. Na mimi nilimwuliza mara moja tu."

Upepo ulipita kwenye matundu ya ukuta. Chini kabisa mbwa walikuwa wakibweka. Clifford alijishusha taratibu, akaketi kwenye mawe yaliyodondoka, akavua kofia na kuiweka gotini. Alikaa kana kwamba anasubiri mtu mwingine aje ajibu kwa niaba yake.

"Uliza tena," akasema.

"Hujambo, Baba?"

"Kifua kinanibana. Nikipanda, ni kama ng'ombe amenikanyaga. Nilidhani kitapita." Alikuwa akiongea na kofia. "Kilianza tulipokuwa tukikata nyasi."

"Daktari huja Jumatano."

"Najua huja lini. Nilipita mlangoni kwake mara kadhaa. Nikaona watu wamekaa, nikajua wataniuliza." Akatingisha kichwa. "Twende pamoja. Nikisema si haba, unikanyage mguu."

Jumatano walikwenda. Daktari alikuwa na chumba kando ya kanisa, chenye jiko la makaa na viti visivyolingana. Akamuuliza Clifford hali yake. Clifford akavuta pumzi, akamtazama binti yake, akatazama kiatu cha binti yake, akasema yote kama mtu anayesoma tangazo.

Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Moyo umechoka, alisema, lakini amewahi. Akampa vidonge na kumwandikia hospitali ya mjini. Mlimani asipande mpaka hapo watakapomruhusu.

"Na kondoo?" aliuliza Clifford.

"Mluzi ninao," alisema Dinah, na daktari asielewe kwa nini baba mtu alikohoa kuficha kicheko.

Nje, Clifford alizunguka gari akaketi upande wa abiria, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Dinah alishika usukani lakini hakuwasha. Ng'ambo ya barabara Bi Peacock alikuwa akifagia kizingiti kilichokwisha kuwa safi.

"Na wewe?" aliuliza Baba, akitazama mbele. "Hujambo?"

"Si haba," alisema Dinah. Ilitoka yenyewe, kama chafya.

Baba alikunja kofia yake, akaikunjua.

"Nauliza mara ya pili," akasema.

Bi Peacock aliacha kufagia, akaingia ndani, akafunga mlango. Dinah alitazama mikono yake kwenye usukani.

"Ninaogopa, Baba. Tangu Mama afariki ninaogopa. Kila ukipanda ngazi kwenda kulala, ninasimama jikoni gizani na kusikiliza mpaka kitanda chako kilie, ndipo na mimi ninavuta pumzi."